Kabati la dawa likikwama kwenye ambulansi: sukuma kwanza, ndipo uzungushe ufunguo

Mlango wa kabati ukigoma, karibu kila mtu huvuta. Kosa linaanzia hapo. Mara nyingi ulimi wa kitasa tayari umebanwa na kitu kinachousukuma mlango kutoka ndani: boksi la dripu lililoteleza, trei iliyoinuka, au mlango wenyewe ulioshuka kwenye bawaba zake. Ukivuta, unaongeza mbano uleule. Ukizungusha ufunguo kwa nguvu huku bado unavuta, ufunguo unakatikia ndani, na jambo la dakika moja linageuka kazi ya fundi.

Fanya kinyume. Weka kiganja karibu na kitasa, sukuma mlango uingie ndani mpaka usikie umegota, shikilia hapohapo, kisha zungusha ufunguo polepole. Haukuzunguka? Inua mlango kidogo kwa mkono uleule, kama unayebeba uzito wake, ujaribu tena. Halafu uukandamize chini, jaribu mara ya tatu. Makabati mengi yanayoandikwa "bovu" kwenye daftari la gari hufunguka kwa hatua hizo tatu.

Kama kuna mgonjwa ndani

Anayemhudumia mgonjwa hamwachi akapambane na kabati. Dereva asimamishe gari mahali salama, awashe taa za tahadhari, apite nyuma na kujaribu kwa dakika moja tu, akitazama saa. Muda huo unatosha kwa sukuma-na-zungusha mara tatu, kujaribu ufunguo wa akiba, na kumulika upenyo wa mlango kwa tochi kuona kilichokaa vibaya. Ikishindikana, mlango wa nyuma ufungwe, safari iendelee kwa begi la dharura. Mpigieni simu hospitali mnayokwenda, mtaje dawa iliyokosekana kwa jina, ili waje nayo mlangoni. "Kabati limekwama" peke yake haimsaidii anayepokea.

Umbali ndio unaoamua. Ukiwa Boma Ng'ombe unaelekea KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, una kilomita 20 na ushei, endesha. Ukiwa Longido unaelekea Arusha, mbele yako kuna kilomita 80 hivi, na kama dawa ile haiwezi kusubiri, kurudi kituo ulichotoka au kupanga kukutana na gari lingine njiani kuna maana zaidi.

Wakati huo mikono haijafungiwa kabatini. Kubana jeraha linalovuja, kumlaza ubavu mwenye degedege, kufungua njia ya hewa, kutumia ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa), kusugua mfuko wa uzazi kwa mama aliyejifungua anayetoka damu: hakuna hata kimoja kinachohitaji ufunguo. Na asiwepo mtu wa kuvunja plastiki ya mlango kwa nyundo juu ya kichwa cha mgonjwa. Vipande huruka.

Oksijeni kabla ya kila kitu

Ukishamshusha mgonjwa na kuanza kazi yenyewe, funga mtungi wa oksijeni kwenye koki yake, fungua milango yote ya gari, acha hewa ipite kwa dakika kadhaa. Ukihitaji drili au grainda, mtungi utoke nje ya gari kabisa. Shuka na godoro hushika oksijeni iliyovuja, na cheche moja inatosha.

Mafuta nayo vilevile. Grisi, mafuta ya injini, Vaseline na zile kopo za kupuliza kulegeza nati zisifike kwenye regulata (kipunguza shinikizo cha mtungi), koki wala mipira ya oksijeni. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo yanaweza kuwaka bila kiberiti. Aliyeshika kitasa chenye mafuta abadilishe glavu kabla hajagusa mtungi.

Gari limesimamaje?

Hili husahaulika. Kabati limefungwa kwa skrubu kwenye bodi, na bodi hujipinda. Land Cruiser ikisimama na gurudumu moja juu ya jiwe, fremu ya kabati haibaki mraba. Inalala kidogo kama msambamba, na mlango unabanwa kwenye kona mbili zinazokabiliana. Lipeleke gari kwenye sakafu iliyo sawa ujaribu tena kabla hujatoa bisibisi.

Ila kuinamisha gari kwa makusudi ni ujanja mzuri kama unajua kuna mzigo ulioegemea mlango. Panda ukingo kwa magurudumu mawili ya upande usio na kabati, la mbele na la nyuma kwa pamoja. Kabati liko ukuta wa kulia? Magurudumu ya kushoto ndiyo yapande, ili vitu virudi nyuma ukutani. Gonga mlango kwa ngumi iliyokunjwa mara chache, usikie kama kuna kinachoteleza, kisha sukuma na uzungushe.

Sikiliza ufunguo

Ufunguo usioingia kabisa unakwambia kuna uchafu au kipande cha ufunguo mwingine ndani ya tundu. Mulika. Kipande kikionekana, kitoe kwa kibano chembamba au blade nyembamba ya msumeno wa chuma, meno yakielekea kwako. Ukikisukuma kwa ufunguo mwingine unakizika.

Ukiingia lakini hauzunguki, ni mbano, nao tumeshausema, au ni vumbi. Udongo wa kuzunguka Meru na Kilimanjaro ni wa volkano, na ukikauka unakuwa laini kama unga wa ngano. Unaingia mpaka kwenye vibati vidogo vya silinda, sehemu ya kitasa inayopokea ufunguo. Dawa yake ni unga wa grafiti. Usipoupata dukani, kwangua penseli laini, 2B au zaidi, upake unga wake kwenye meno ya ufunguo, uingize na kutoa mara kumi. Usitie mafuta. Siku ya kwanza yatafanya kazi vizuri sana, na hapo ndipo yanapodanganya watu. Baada ya wiki mbili za njia ya vumbi yameshachanganyika nalo kuwa tope zito, na kitasa kinakufa.

Ufunguo ukizunguka bila kushika kitu, kikono cha nyuma ya kitasa, kinachozunguka na kuushika mlango, kimelegea au skrubu yake imedondoka. Na kama silinda nzima inazunguka pamoja na ufunguo, nati kubwa inayoishikilia nyuma ya mlango imefunguka kwa mtikisiko. Hapo bana uso wa silinda kwa koleo juu ya kitambaa, usizunguke, halafu zungusha ufunguo kwa mkono wa pili. Baada ya kufungua, kaza nati ile na utie gundi ya kuzuia nyuzi zisilegee. Kati ya magonjwa yote ya kabati la ambulansi, hili ndilo rahisi kulikinga na ndilo linaloachwa mpaka linajirudia.

Kwa vitasa vya kubonyeza, vyenye ulimi wa mteremko unaojifunga ukibamiza mlango, kuna njia isiyohitaji ufunguo. Kata ukanda wa filamu kuukuu ya eksirei, upana wa sentimita 4, urefu wa sentimita 20. Uingize kwenye upenyo juu ya kitasa, ushushe ukiwa umeinamisha kidogo mpaka uguse ulimi, kisha sukuma mlango ndani huku unatelezesha ukanda. Haifai kwa ulimi wa mraba wala kwa kikono kinachozunguka, kwa hiyo usipoteze nusu saa.

Milango ya kuteleza, na sisimizi

Makabati ya juu kwenye Hiace nyingi yana vioo vya plastiki vinavyoteleza kwenye mifereji ya alumini, kama dirisha dogo. Haya hukwama kwa sababu tatu, na kila moja ina dalili yake.

Mchanga: mlango unakwaruza, unasogea kwa kuruka-ruka. Safisha mfereji kwa brashi kavu ya meno na mashine ya kunyonya vumbi. Maji yangegeuza vumbi kuwa udongo wa kufinyangia.

Joto: mlango unateleza vizuri asubuhi, unagoma saa nane mchana baada ya gari kukaa juani. Plastiki ya akriliki hutanuka sana ukilinganisha na chuma. Kioo cha sentimita 60 kikipanda nyuzi joto 20 huongezeka karibu milimita 1. Aliyekikata bila kuacha nafasi alikikata asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba Arusha, sasa gari linafanya kazi Moshi mwezi wa pili. Lipeleke kivulini, washa kiyoyozi au fungua milango, subiri. Baadaye fundi akipunguze kibaki na nafasi ya milimita 2 hadi 3. Mafundi wa madirisha ya alumini wanaiweza kazi hii kuliko fundi wa bodi.

Sukari: hii ndiyo inayowachosha watu bure. Kichupa cha dekstrosi (maji ya sukari) kimepasuka au dripu imevuja, maji yameshuka kwenye mfereji na kukauka. Mlango unasogea milimita moja kisha unarudi kama umeshikwa na mpira. Mulika pembeni mwa mfereji: utaona utando wa rangi ya chai unaong'aa, na mara nyingi msururu wa sisimizi umekutangulia kufika. Spiriti haitasaidia, mafuta ndiyo kabisa. Sukari huyeyuka kwenye maji. Chukua sirinji ya mililita 20, ipachike mrija wa plastiki wa kanula bila sindano, ijaze maji ya uvuguvugu. Tiririsha kidogo kidogo kwenye mfereji kuanzia kona ya juu ya mteremko, weka taulo chini, subiri dakika 5, rudia. Mara tatu au nne zinatosha. Usiutikise mlango kabla sukari haijalainika, kwa sababu kioo kikiachia upande mmoja tu kinapinda na kupasuka. Ukifunguka, osha mfereji mzima, ukaushe, na usiache tone. Siku tatu baadaye sisimizi watakuonyesha ulipobakiza.

Tahadhari moja: akriliki haipendi spiriti. Ukiifuta kwa spiriti kila zamu inaanza kupata nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, kisha inakatika kwenye tundu la skrubu. Tumia maji na sabuni laini, au kiua vijidudu ambacho mtengenezaji amesema kinafaa kwa plastiki. Petroli na thina hazifai kwa plastiki ya aina yoyote hapa.

Droo

Droo iliyokwama katikati ina kitu kilichoinuka na kugota kwenye fremu ya juu, kwa kawaida baada ya tuta. Barabara ya Arusha–Moshi ina matuta ya kutosha kulifanya hilo kila siku. Irudishe ndani kabisa, kisha pitisha rula ya chuma juu ya droo, kandamiza kilichoinuka huku ukivuta polepole. Usipokifikia, toa droo ya juu yake na uingize mkono kutokea pale, ukiwa na glavu nene, maana huenda kuna kichupa kilichovunjika. Droo isiyotoka hata sentimita moja ina kitu kilichoanguka nyuma yake, au reli yake imepinda na magololi yametoka. Reli hainyooshwi, hubadilishwa jozi nzima.

Kitasa cha umeme

Kikibonyezwa na kulia "tik" bila kufunguka, umeme unafika lakini hautoshi, au ulimi umebanwa. Mmoja asukume mlango ndani, mwingine abonyeze. Ikishindikana, pima betri: iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12, washa injini, chaji ifike volti 13.8 hadi 14.4, jaribu tena. Kimya kabisa maana yake fyuzi au waya. Badilisha fyuzi kwa ampea zilezile. Kipande cha waya mahali pa fyuzi ni moto unaosubiri siku yake. Vitasa vingi vya aina hii vina tundu la ufunguo wa akiba lililofichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Wafanyakazi wote wa zamu walijue lilipo.

Ikibidi kuvunja

Kwanza, watu wawili, mmoja wao akiwa ndiye mwenye dhamana ya dawa. Kabati lenye morfini, pethidini, ketamini au diazepamu haliachwi gereji "fundi akalishughulikie". Mwenye dhamana anakaa pale mpaka lifunguke na dawa zitoke.

Anza na njia inayoharibu kidogo. Skrubu za bawaba zikionekana nje, zitoe hizo. Zisipoonekana, tafuta bati la pembeni au la juu lililofungwa kwa ribiti: toboa vichwa vya ribiti kwa biti ya unene uleule, milimita 5 kwa ribiti ya 4.8, ukiacha mara kichwa kinapozunguka. Bati likitoka unaingiza mkono na kukizungusha kikono cha kitasa kutokea ndani. Ribiti mpya ni za bei ndogo. Mlango mpya utasubiri wiki.

Silinda itobolewe mwisho. Funga utepe kwenye biti sentimita 2 kutoka ncha, ili usitumbukie kwenye vichupa. Anza na biti ya milimita 3 katikati ya tundu la ufunguo, fuata 6, kisha 10, kwa mwendo wa chini. Vibati vikishakatika, bisibisi bapa itazungusha kilichobaki. Tandaza kitambaa chenye unyevu chini ya kitasa, kwa sababu vumbi la chuma litaingia kwenye trei. Sumaku hailikusanyi lote: silinda hutengenezwa kwa shaba nyeupe au zinki, ambazo sumaku haizishiki. Nyonya kwa mashine, kisha futa.

Mlango ukiachia, usiufungue wote. Uweke kiganja, fungua upana wa vidole viwili, mulika, toa kilichoegemea kwanza. Vichupa vinavyovunjika huvunjika katika sekunde hii.

Baada ya kufunguka

Hesabuni dawa zinazodhibitiwa wawili mkiwa pamoja, andikeni kwenye rejista: saa, sababu ya kufungua, namba ya lakiri (kifungo cha kukata mara moja) iliyokatwa na mpya iliyowekwa, idadi iliyokutwa, sahihi mbili. Kichupa kilichovunjika hakitupwi kimyakimya. Shingo na lebo yake huwekwa kwenye kopo la vitu vyenye ncha kali baada ya wote wawili kuiona na kuiandika.

Halafu joto. Gari lililofungwa juani Moshi hupita nyuzi 40 bila shida, na dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya 25 au 30. Soma lebo ya kila moja. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asitokwe damu baada ya kujifungua, inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Iliyolala kabatini kwa saa nyingi itengwe mpaka mfamasia aamue, isirudishwe kwenye kibebeo cha baridi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukinunua kitasa kipya, beba cha zamani dukani. Matundu hutofautiana, milimita 16, 18, 19 na 20, na urefu nao ni tofauti. Angalia namba iliyochapwa usoni: vitasa vyenye namba moja hufunguliwa na ufunguo mmoja. Hilo ni zuri kwa makabati ya bandeji na dripu, maana ufunguo mmoja unatosha. Ni baya sana kwa kabati la morfini, kwa sababu ufunguo wa meza ya ofisi ya mtu yeyote unaweza kulifungua. Hilo lipewe namba yake peke yake.

Kupanga ili lisirudie

Dripu ni nzito. Mifuko 10 ya mililita 500 inapita kilo 5, na ikiwa rafu ya juu inapigana na mlango kwa kila tuta. Iwekwe chini kabisa, ilale, nyuma ya ukingo wa sentimita 5. Vichupa vikae kwenye sponji iliyotobolewa. Juu ya kila rafu bakiza nafasi ya sentimita 3 hadi 5, na tandika mpira usioteleza. Kabati lililojazwa mpaka juu huonekana limejiandaa vizuri, lakini ndilo la kwanza kukwama.

Makabati ya mbao za plaiwudi yana lake: gari likioshwa ndani kwa mpira wa maji, kingo hunywa maji na kuvimba, hasa kipindi cha masika. Usizipige randa zikiwa na maji. Zikikauka utabaki na mwanya unaopitisha vumbi. Acha zikauke siku kadhaa, piga msasa panapogusa tu, kisha paka vanishi mikono mitatu kwenye kingo zote, za chini zikiwemo. Sehemu inayosugua ipake nta ya mshumaa.

Kila zamu inapobadilishana, milango yote ifunguliwe na kufungwa, si kutazamwa; lenye lakiri lifunguliwe mbele ya wawili siku ya hesabu. Mara moja kwa mwezi, na kila wiki kwa gari la njia ya vumbi, kaza nati za vitasa na skrubu za bawaba. Ufunguo mmoja abaki nao kiongozi wa zamu, wa pili ukae kituoni kwenye bahasha iliyopigwa lakiri, wala usifungwe pete moja na wa kwanza.

Na gari likitoka kutengenezwa, lisipokelewe likiwa limesimama kwenye sakafu ya gereji. Pakia dripu zake, lipitishe juu ya matuta mawili matatu, lisimamishe na gurudumu moja juu ya ukingo, kisha vaa glavu na ufungue kila mlango kwa mkono mmoja. Usiofunguka hivyo, fundi bado hajamaliza.